Ulale kwenye nini porini: nyuma ya gari, hema la chini au hema la juu? Nunua kwa mpangilio huu

Wakuu, kila kiangazi kikianza, kuanzia mwezi wa sita hivi, napigiwa simu za aina moja. Mtu ana gari tayari, Hilux au Prado au Land Cruiser mkonga, ana wiki mbili za likizo, anataka kwenda Natron au Ruaha au Katavi na familia, na swali lake la kwanza ni "ninunue hema gani la juu ya gari?" Hajauliza kama analihitaji, kashaona picha, kashapenda. Mi nalala porini na gari mwaka wa kumi na moja sasa, nimelala kwenye karibu kila kitu kinachouzwa na vingine vilivyoshonwa na mafundi wa turubai, na jibu langu ni kwamba hema la juu kwa watu wengi wa kwetu linakuja namba tatu. Ntaeleza kwa nini afu we utaamua na hela yako.

Cha kuangalia kabla ya vyote ni uzito, na huo uzito umekaa wapi. Fungua kitabu cha gari, tafuta mzigo unaoruhusiwa juu ya paa, gari nyingi utakuta kilo 75 mpaka 100 gari ikiwa inatembea. Sasa piga hesabu, hema la juu la watu wawili lina kilo 50 mpaka 80, keria ya chuma kilo 30 nyingine, hapo ushamaliza na bado kuna watu wanapandisha huko juu madumu mawili ya dizeli na tairi la spea. Na hiyo namba ya kitabuni ni ya barabara nzuri, watengenezaji wa keria wengi wanakwambia ukiingia njia mbovu uigawe kwa 1.5, kwahiyo kilo 100 zinabaki kama 66 tu. Gari ikiwa imesimama hakuna neno, paa linabeba hema na watu wawili ndani bila shida, balaa ni ile njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka mpaka Ngaresero kando ya ziwa Natron, barabara imejikunja mawimbi mawimbi kama bati, na kilo 90 zinarukaruka juu ya kichwa chako masaa matatu. Tulishasimama njia hiyohiyo, gari ya rafiki yangu bolti mbili za keria zimekatika upande wa kulia, hema linaning'inia, tukalifunga kwa kamba za katani tukaenda taratibu mwendo wa mtu anayetembea kwa mguu mpaka kijijini. Na kwenye mteremko wa ubavuni gari yenye mzigo juu unaisikia kabisa inataka kulala.

NAMBA MOJA: NYUMA YA GARI YAKO MWENYEWE

Kama una mkonga hadtopu, au pikapu ya singo kebini (ya viti vya mbele tu) yenye kanopi, yaani kifuniko kigumu juu ya bodi, usinunue hema la aina yoyote kwanza. Chukua futi kamba upime. Bodi ya Hilux singo kebini ina kama mita 2.3, mtu mrefu analala kanyooka na begi la nguo miguuni. Ekstra kebini ni kama 1.8, inatosha watu wengi. Dabo kebini ndo tatizo, ina mita 1.5 na kidogo, hapo labda ulale mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa na turubai limefunika miguu, mi sipendi, fisi anapita hapo. Prado ukilaza viti vya nyuma watu wawili wanaenea ila sakafu haiko sawa, ina ngazi, inabidi fundi seremala akutengenezee kitanda.

Kitanda chenyewe ni plaiwudi ya milimita 18 ikikaa juu ya fremu ya mbao au ya bomba mraba, urefu wa sentimita 30 kutoka sakafuni ili chini yake yakae maboksi ya vyombo na dumu za maji. Hapo uzito wote uko chini katikati ya gari, ndo gari inavyopenda. Juu weka godoro la inchi 4 lile gumu, dukani wanakukatia kwa kipimo unachotaka, usichukue laini kwa sababu siku ya tatu nyonga inagusa mbao.

Kinachowashinda wengi wanaolala ndani ya gari ni hewa. Watu wawili wakipumua usiku kucha na vioo vimefungwa asubuhi paa linadondosha maji, blanketi limelowa. Acha vioo viwili vya pande tofauti wazi sentimita tatu nne, juu yake weka neti, mi nimeshonesha kipande cha neti yenye sumaku ndogo pembeni kinang'ata mlango kwa nje, mbu hapiti. Na hapa naomba mnisikilize vizuri sana: usiwashe injini ulale ndani, na usiingize jiko la mkaa ndani ya gari wala ndani ya hema hata kama ni Kitulo na baridi inauma mifupa, hata mkaa unaoonekana umekufa bado unatoa ile gesi isiyo na harufu, familia zinalala haziamki.

Faida nyingine ambayo haina bei ni kwamba kukitokea jambo usiku, tembo kasogea sana, mtoto kapata homa, unahamia mbele unawasha unaondoka. Hakuna cha kukunja.

NAMBA MBILI: HEMA LA CHINI, LAKINI LA MAANA

Kwa familia ya watu wanne, au mwenye dabo kebini, hii ndo chaguo langu, na nikisema hema la chini sina maana ya vile vihema vya nailoni vinavyouzwa vimekunjwa kama chapati. Nazungumzia hema la turubai la pamba, zito, kilo 20 mpaka 30, lenye nguzo za chuma na sakafu nene iliyoshonwa pamoja na kuta. Turubai linapumua kwahiyo ndani hakudondoki maji, mchana kuna ubaridi, na likichanika fundi yeyote wa viti vya magari au maturubai analishona, wakati hema la nailoni likichanika ndo basi.

Upepo ndo unaotofautisha. Natron jioni upepo unashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde, unakuja na vumbi na joto, na ukienda upande wa Kenya mashariki ya ziwa Turkana ndo usiseme, huko ndiko walikojenga mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, sasa jiulize kwa nini walichagua pale. Hema langu la kwanza la bei rahisi lilivunjika fito tatu usiku mmoja pale Ngaresero, watoto wakahamia kwenye gari saa nane usiku, tangu hapo sinunui hema lenye fito za plastiki ile nyeupe. Dukani shika fito uikunje, angalia kama ni alumini au chuma. Vile vigingi vinavyokuja na hema vitupe, nenda duka la vifaa vya ujenzi, mwambie fundi akukatie nondo ya milimita 10 sentimita 30 kila kimoja na akunje kichwa, vipande 16, na kwa sehemu ya mchanga au majivu ya volkano chukua mifuko ya salfeti uijaze mchanga ufungie kamba.

Rangi. Hii watu wanaidharau. Ndorobo, wale mbung'o wanaong'ata, wanafuata bluu na nyeusi, ndo maana mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, kwahiyo ukienda Katavi au Ruaha na hema la bluu iliyokolea, turubai jeusi na jinzi zako, utaona cha moto. Chukua kaki au rangi ya mchanga.

Nailoni ukiamua kuchukua kwa sababu ya bajeti basi soma ile lebo ya milimita, ni kipimo cha maji kiasi gani kitambaa kinahimili kabla hakijavuja, paa lisiwe chini ya 3000 na sakafu iwe zaidi ya hapo kwa sababu magoti yako yanakandamiza. Kama hakuna namba kabisa kwenye lebo, liache.

Kuhusu simba, najua ndo swali linalokuja. Unalala ndani, zipu zote zimefungwa mpaka chini, hauachi mguu nje, haubebi chakula ndani. Tembo ananusa machungwa na maembe mbali sana na hana adabu na kitambaa, matunda yote yakae kwenye gari, vioo vimefungwa. Viatu viingize ndani, fisi anabeba viatu na masufuria. Ukitaka kujisaidia usiku mulika kwanza tochi pande zote, uone macho. Kwenye kambi maalum za hifadhi mara nyingi hakuna choo wala maji wala uzio, usitegemee kitu.

NAMBA TATU: HEMA LA JUU

Silisemi vibaya, lina raha yake. Godoro liko ndani tayari, unafungua dakika tano umelala, chini kuwe na tope au mawe au siafu haikuhusu. Kama mko wawili, mna dabo kebini, mnahama kila siku, na hela ya matairi na ya vingine mmeshamaliza, nunueni.

Lakini hesabu na haya. Bei yake ni milioni kadhaa na bado hujanunua keria. Gari isiposimama sawasawa unalala umeteleza upande mmoja, utakuwa unatafuta mawe ya kuweka chini ya tairi gizani. Asubuhi saa kumi na mbili simba wameonekana huko mtoni nyie mnakunja hema kwanza ndo muende. Mtoto wa miaka minne na ngazi usiku hapana. Hewa ya baridi inapita chini ya kitanda, Kitulo uwanda uko mita 2600 hivi juu ya usawa wa bahari na mwezi wa sita na wa saba baridi inafika ya barafu, utaisikia mgongoni kama hujaweka blanketi la sufu chini yako. Na mafuta yanaongezeka, gari inasukuma ukuta wa hewa.

Ukishaamua, la kasha gumu linalofunguka kama boksi ni bora kuliko lile la kitambaa la kukunja, halipigi kelele na upepo, linafungwa haraka, halioti ukungu kirahisi, ila mara nyingi ni jembamba watu wawili tu. La kitambaa ni la bei nafuu na lina nafasi zaidi. Kwenye pikapu lisikae kwenye paa, mwambie fundi achomelee fremu juu ya bodi, hema lisizidi usawa wa paa la kebini, uzito unashuka karibu nusu mita na gari unaiona imetulia.

Kuna pia yale magodoro ya turubai ya kujizungushia, Waaustralia wanayaita swagi, mtu mmoja mmoja, ufukweni au kwenye shamba la mtu salama kabisa ni mazuri. Hifadhini kwenye wanyama sikushauri. Na yale mahema ya kurusha yakafunguka yenyewe ni ya kwenye bustani ya nyumbani.

HELA IKIBAKI, NA KAMA HAIBAKI IKATE KWENYE HEMA

Matairi. Mtu ana hema la mamilioni na matairi ya mtumba. Kwenye ukuta wa tairi kuna namba nne baada ya maandishi ya DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, likishazidi miaka sita saba usiende nalo Katavi hata kama meno bado yapo. Chukua AT, yaani tairi za lami na za njia mbovu pia, zenye ukuta wa kubeba mzigo. Kompresa ndogo ya kufunga kwenye betri moja kwa moja, sio ya kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara, kwa sababu mchanga unataka ushushe upepo wa tairi mpaka PSI 18 au 20, barabara ya mawimbi kama 25 hivi, na ukirudi lami lazima ujaze. Kamba ya kuvutia gari, na hiyo kamba isifungwe kamwe kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela (towball), inakatika inaruka kama risasi na inaua.

Maji lita tano kwa mtu kwa siku kunywa na kupika, ya kuoga juu yako, na uweke ya siku mbili za ziada, ila yakae kwenye madumu ya lita 10 sio tanki moja, likipasuka moja hujapoteza yote. Friji ya gari ni starehe, boksi la barafu linatosha siku tatu.

Mifuko ya kulalia mizuri sana ipo mitumbani, Memorial pale Moshi au Karume Dar, wapanda mlima wanaacha na nyingine zinakuja kwenye mabelo, tafuta yenye lebo ya nyuzijoto na uvute zipu mara kumi kabla hujalipa.

Na chochote utakachonunua, cha dukani au cha mkononi, kisimamishe uani kwako kabla ya safari. Kwa cha mkononi nusa kwanza kona za chini, ukungu una harufu yake na hautoki. Afu chukua mpira wa maji, mwagia dakika ishirini, mtu mmoja awe ndani na tochi akiangalia mishono, panapotoa tone weka alama ya chaki, kikikauka paka nta ya mshumaa kwenye mshono kwa nje, mwagia tena.