Kupanua tundu la sikio nyumbani: kijiti au tepu?
Ndewe iliyopona kabisa baada ya kutogwa hupanuliwa ama kwa kijiti cha chuma cha pua kilichochongoka, ama kwa kuzungushia jasi (pambo linalovaliwa tunduni) tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile isiyo na gundi.

Kwa kasi, kijiti kinashinda, lakini kasi hiyo ndiyo hatari yake: kutoka milimita 1.6 hadi 2 ni rahisi mtu kulazimisha, na ngozi ya ndani ikasukumwa nje kwa nyuma na kuacha duara la nyama lisilopendeza. Tepu huongeza sehemu ndogo tu ya milimita kwa kila tabaka, hivyo nyama hulegea polepole. Ila hushika uchafu na harufu (jambo ambalo wengi hawalitaji), na lazima ibadilishwe mara kwa mara, ilhali chuma huoshwa tu, basi. Kwa gharama, tofauti ni ndogo.

Anayetaka kupanda hatua moja au mbili, na aliye tayari kungoja wiki kadhaa kati ya hatua na hatua, kijiti kitamtosha. Anayelenga tundu kubwa, au mwenye kovu la zamani, tepu itamfaa zaidi. Kwa vyovyote, damu ikitoka, rudi kwenye kipimo kidogo.