Bati la mwanga linavuja? Kagua flashingi kabla ya kwenda dukani

Bati la mwanga, lile linalopitisha nuru ndani, likivuja, wengi hapa Mwanza hukimbilia kununua jingine. Mpandishe fundi kwanza akague kingo. Mara nyingi bati ni zima, maji yanapenya kwenye matundu ya skrubu au kwenye flashingi, vipande vya bati vinavyoziba maungio kama pale paa linapokutana na ukuta, na mvua ya upepo kutoka ziwani haiachi upenyo.

Kama kweli limechoka, chaguo langu la kwanza ni polikaboneti, aina ya plastiki. Ni ngumu, haipasuki ovyo. Nenda dukani na kipande cha bati lako, maana bati la msauzi na la migongo midogo yana mikunjo tofauti, hayalaliani. Upande wenye kinga ya jua huwa umeandikwa kwenye nailoni yake, na lazima utazame juu; ukigeuzwa, bati litakuwa la njano mapema. Bati la mita 3 hurefuka karibu milimita 6 joto likipanda nyuzi 30, kwa hiyo tundu liwe pana kuliko skrubu, na skrubu iwe na washa ya mpira.

La pili ni faibaglasi. Mwanga wake ni mpole na linafaa stoo au banda, ila uso ukishalika, nyuzi zake za kioo hujitokeza, vumbi hunasa na chumba hufifia. Dirisha la paa la kioo nalipa nafasi ya tatu: ni zuri kwenye vigae, mradi lije na flashingi yake. Plastiki nyembamba ya PVC naiweka mwisho kabisa. Jua huikausha ikawa ya kuvunjika.

Sasa flashingi, ambayo ndiyo ningeipa pesa kwanza. Chukua ya chuma chenye zinki, sawa na bati zako. Fundi aanze chini, apande kando, amalizie juu, na ile ya juu iingie chini ya bati lililo juu yake. Ukutani achimbe mfereji aichomeke humo. Kupaka saruji tu hakusaidii, itapasuka. Na kama flashingi ni ya alumini, saruji mbichi huila. Silikoni inayonuka siki ikatae pia, asidi yake hula zinki. Omba isiyo na asidi.

Kazi ipangwe Juni hadi Agosti, paa likiwa kavu. Na fundi asikanyage bati la mwanga hata likionekana imara, alaze mbao juu ya kenchi apite hapo. Watu huanguka hadi sakafuni.