311 ya Minneapolis na njia za miguu zilizojaa theluji: maoni ya mtembea kwa miguu

311 ni namba ya simu ya huduma za jiji la Minneapolis. Nimeitumia sana, na naandika kuihusu kwa sababu Waswahili wenzangu wengi hapa Minnesota hawajui kwamba ipo. Ukikuta njia ya miguu mbele ya jengo imefunikwa na theluji na mwenye jengo hana habari, si lazima unyamaze ushuke barabarani kushindana na magari. Unapiga 311, au unaingia kwenye programu yao ya simu, unaeleza ni wapi, na jiji linamfuata mwenye mali. Kwa kupokea malalamiko nawapa alama za juu. Kwa kumlazimisha mtu atimize wajibu wake, hapo nina maneno.

Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani. Sina gari, usafiri wangu ni basi na miguu. Kuanzia Novemba mpaka Machi, na miaka mingine mpaka Aprili, kile kipande cha kutoka kituo cha basi hadi mlangoni kwa mgonjwa ndicho kinachoamua siku yangu itakwendaje. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyeona theluji kupitia dirishani.

Sheria yenyewe ni nzuri na inaeleweka. Barabara ya magari ni kazi ya jiji. Njia ya miguu ni kazi ya mwenye kiwanja kinachopakana nayo, ingawa njia hiyo ni ya umma. Nyumba ya familia moja au mbili inapewa saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Majengo ya fleti, maduka na mengine yote yanapewa saa 4 tu za mchana, zinazohesabiwa kuanzia saa mbili asubuhi. Njia isafishwe upana wake wote mpaka saruji ionekane. Mwenye nyumba ya kona ana kazi zaidi, kwani anatakiwa afungue na ile miteremko ya kuvukia, pale njia ya miguu inaposhuka kufika usawa wa barabara, mpaka ukingoni mwa barabara. Na theluji hiyo usiitupe barabarani wala uchochoroni, uiweke kwenye nyasi zako.

Mtu aliyekuja juzi kutoka Mombasa au Nakuru anaweza kuona saa hizo ni ukali wa bure. Siyo. Theluji ikiwa mpya ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la tano anaizoa kwa beleshi. Ikishakanyagwa na watu kumi inagandamana. Mchana jua linaiyeyusha kidogo juu, usiku baridi inaigandisha tena, na asubuhi una barafu yenye mabonde ya nyayo za watu, ngumu kama jiwe. Hapo beleshi halifai tena, unahitaji chuma cha kuchimbulia. Upande wa jengo usiopata jua, barafu ya Desemba unaweza kuikuta Machi. Aliyezembea siku ya kwanza amewafungia watu njia kwa msimu mzima, na ndiyo maana nasema saa 4 za majengo makubwa ndizo roho ya sheria hii.

Sasa tuje kwenye huduma. Mapokezi ni mazuri. Wanataka anwani kamili au jina la kona, upande gani wa barabara, na hali yenyewe ilivyo: haijaguswa kabisa, imesafishwa nusu, au ni barafu. Usiseme tu "kuna theluji", maana Januari theluji iko kila mahali. Sema "upana wa njia uliosafishwa hautoshi kiti cha magurudumu", au "mteremko wa kona umezibwa". Kama unatumia programu, piga picha inayoonyesha namba ya jengo na njia pamoja. Unapewa namba ya malalamiko, itunze. Kwa lugha, wana namba maalumu za Kihispania, Kisomali na Kihmong, na hilo nalisifu kwa dhati, kwa sababu majirani zangu Wasomali wanazitumia bila kumsubiri mtoto atoke shule awatafsirie. Sisi wa Kiswahili hatuna namba yetu, basi ukipiga ile ya kawaida na Kiingereza kikakupa shida, omba mkalimani mapema, kabla hujaanza kueleza.

Baada ya hapo ndipo mwendo unapopungua, na sizungumzii uvivu wa mtu yeyote, nazungumzia hatua zilivyopangwa. Malalamiko yanaingia. Mkaguzi anakwenda kuangalia. Mwenye mali anapelekewa onyo na kupewa nafasi ya kusafisha. Asiposafisha, jiji linaweza kutuma watu wake wafanye kazi hiyo, na bili inakwenda kwake. Asipolipa, inaongezwa kwenye kodi ya mali anayolipa serikalini. Kila hatua ina haki yake. Hakuna anayetaka mtu atozwe pesa kwa malalamiko ya uongo ya jirani waliyegombana. Lakini jumlisha hatua hizo zote halafu rudi kwenye ile theluji laini niliyoieleza. Mpaka onyo lifike, imeshakuwa barafu. Na mwenye jengo anayejua hesabu anaona wazi kwamba ni rahisi kungoja onyo, au kungoja jua, kuliko kulipa mtu kila theluji ikianguka.

Kwenye njia yangu liko jengo moja la fleti la aina hiyo. Jina lake silitaji. Kontrakta wao huja alfajiri na gari lenye chuma kikubwa mbele, anasafisha maegesho vizuri kabisa, lami inaonekana nyeusi, wenye magari watoke kwenda kazini. Theluji yote ya maegesho anaisukumia ukingoni. Na ukingo huo ndio njia ya miguu. Kwa hiyo mbele ya jengo hilo hakuna theluji iliyoanguka kutoka mbinguni tu, kuna na iliyoletwa na gari, tuta linalofika magotini. Baadaye kijana mmoja anapita na beleshi, anafungua kamfereji kembamba katikati, upana wa beleshi lenyewe, na kazi imekwisha.

Nilikuwa nampeleka kliniki mama mmoja ninayemhudumia, Mkisii, aliletwa huku na watoto wake. Anatumia kiti cha magurudumu. Wasiowahi kusukuma kiti hicho wajue jambo hili: mbele kina magurudumu mawili madogo, na hayo ndiyo yanayozama. Ukilazimisha, kiti kinalala mbele na aliyekaa anateleza kutoka. Njia ni kukigeuza ukivute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie kwenye theluji, wewe ukitembea mgongo mgongo juu ya barafu. Tulipofika kwenye ule mfereji, magurudumu makubwa hayakuingia. Pande zote mbili yaligusa tuta. Mama akaniambia, "Mwanangu, tushuke tu barabarani, hapa hatupiti." Nikamwambia, "Mama, barabarani kuna magari na wenyewe breki hazishiki." Akavuta blanketi lake akanyamaza. Tulishuka barabarani. Hatukuwa na njia nyingine. Nilitembea upande wa magari nikiinua mkono mmoja ili madereva watuone, na mwingine ukivuta kiti.

Jioni ile nilitoa taarifa, na picha nikaweka. Onyo lilikwenda, na njia ikafunguliwa upana wake wote, mpaka saruji. Nasema wazi: huduma ilifanya kazi. Ila theluji iliyofuata, kontrakta yuleyule alisukuma tuta lilelile mahali palepale, na mimi nikaanza tena na picha. Kwa jengo lenye wapangaji wengi, linalokusanya kodi kila tarehe mosi, mimi ndiye niliyefanywa msimamizi wao bila mshahara.

Waliokuwapo msimu wa 2022 hadi 2023 wanakumbuka. Minneapolis na St. Paul zilipata inchi 90.3 za theluji, zaidi ya mita 2, msimu wa tatu kwa wingi wa theluji tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Matuta ya kona yalikuwa marefu hata dereva wa gari dogo hamwoni mtu anayengoja kuvuka. Na kona ndizo tatizo gumu kuliko yote. Mwenye nyumba anaweza kusafisha vizuri asubuhi, halafu gari la jiji likipita kusafisha barabara linarudisha ukuta wa theluji palepale kwenye mteremko. Miteremko hiyo ilienea nchini baada ya sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu. Wakati wa baridi unaweza kuwa na mtaa mzima uliosafishwa na mtu wa kiti asiweze kuuingia wala kuutoka kwa sababu ya futi tatu za mwisho.

Naomba tuwe na busara katika kutoa taarifa. Si kila theluji ni ya kupigiwa simu. Jirani yangu mmoja ni mzee wa Kimarekani, mjane, goti lake bovu. Njia yake ikichelewa, tunamgongea mlango, na vijana wa nyumba yetu wanamzolea kwa dakika chache. Nyumba nyingine za familia zina mama anayefanya kazi zamu mbili. Hawa ukiwapelekea mkaguzi unawaongezea bili juu ya mzigo. Gonga mlango kwanza, wengi watakushukuru. Simu ya 311 iwekee majengo ya fleti, maduka, viwanja vitupu ambavyo mwenyewe anaishi mbali, na nyumba zilizohamwa. Hao hawana goti bovu, na mlango wao hauna wa kukufungulia.

Kuna kipande kimoja cha huduma za jiji ambacho nakipa alama zote bila kupunguza: mchanga wa bure. Kuna vituo vya jiji ambako mkazi anakwenda na ndoo na beleshi lake, anachota mchanga wa kumwaga kwenye barafu, halipi kitu. Watu hukimbilia chumvi ya dukani, lakini chumvi ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit, kama nyuzi 9 chini ya sifuri kwa Selsiasi, karibu haifanyi kazi, na hapa baridi hiyo ni ya kawaida Januari nzima. Tena chumvi inaishia kwenye maziwa yetu. Wataalamu wa mazingira wa jimbo wanasema kijiko kimoja cha chai kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na haitoki tena. Mchanga hauyeyushi barafu, unakupa mahali pa kukanyagia, baridi iwe kali kiasi gani. Mimi huweka kidogo kwenye chupa ya plastiki ndani ya mkoba wangu. Kabla ya kumteremsha mama kwenye ngazi, namwaga, nakanyaga, nasikia viatu vinashika, ndipo namwita.

Watu husema njia za miguu za Minneapolis ni nyingi mno, karibu maili 2,000, jiji haliwezi kuzisafisha lenyewe. Lakini Bloomington, mji wa kusini yetu tu hapo penye maduka ya Mall of America, jiji linasafisha njia za miguu lenyewe. Rochester ya New York kwa miaka mingi imekuwa na magari yanayopita kwenye njia za miguu theluji ikizidi kiasi, na kila mwenye mali anachangia ada kulingana na urefu wa mbele ya kiwanja chake. Montreal wana vigari vidogo vya minyororo vinavyopita njiani usiku. Bloomington ni ndogo kuliko sisi, sikatai, na vigari hivyo vinagharimu. Lakini hata kabla ya kufika huko, kuna la kufanya na sheria hii hii iliyopo.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi. Kupokea taarifa: nyota 4. Mchanga: nyota 5. Kusimamia wajibu wa wenye mali wakubwa: nyota 2, na hizo 2 ni kwa sababu onyo, likifika, linaheshimiwa. Ningependa jiji liache kutegemea zaidi macho yetu sisi wapita njia. Wakaguzi wapite wenyewe kwenye barabara za mabasi, mbele ya zahanati na shule, saa 4 za majengo makubwa zikiisha, wasingoje simu. Jengo lililokwisha kuonywa msimu huo lisiandikiwe onyo lingine. Watu wa jiji waje moja kwa moja na bili iende kwa mwenye jengo. Na kontrakta anayesukumia theluji ya maegesho kwenye njia ya umma alipishwe yeye pia, kwa jina lake, kwa sababu mwenye jengo anaweza kuwa Florida na wala hajui, lakini aliyeshika usukani alikuwa pale akiona anakoisukumia.