Msimbo ubaki kwenye flashi au uhamie RAM?

Chukua STM32F103C8, chipu ndogo ya kudhibiti vifaa: flashi (kumbukumbu inayobaki umeme ukikatika) KB 64, RAM (kumbukumbu ya muda) KB 20. Kwa nafasi, flashi inashinda waziwazi. Funksheni (kipande cha msimbo) inayoendeshwa kutoka RAM hula nafasi pande zote mbili, maana nakala yake hukaa flashi na kunakiliwa kwenda RAM kila chipu inapowaka.

Ubishi uko kwenye kasi. Kwa MHz 72 flashi inadai mizunguko 2 ya saa ya chipu ya kusubiri, ndiyo maana wengi hukimbilia RAM. Lakini kwenye Cortex-M3, kiini cha chipu hii, maagizo yakisomwa kutoka RAM hugombea basi (njia ya kupitishia data) moja na data, ilhali flashi ina bafa (hifadhi ndogo) ya kusoma mapema. Pima kwanza, RAM yaweza hata kubaki nyuma.

RAM haina mpinzani pale programu inapofuta flashi yake yenyewe. Kufuta ukurasa mmoja (kipande cha flashi kinachofutwa kwa pamoja) huchukua milisekunde 20 hadi 40, na muda wote huo msimbo wa flashi umekwama. Mwenye mota inayozunguka hawezi kuvumilia hilo. Ahamishe RAM msimbo wa intarapti (ishara za kukatiza kazi) pamoja na jedwali la vekta (orodha ya anwani za msimbo huo), la sivyo kazi ni bure.

Matunzo ya RAM ni mazito zaidi: kutenga sehemu yake kwenye faili la linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo), kisha kukagua faili la .map (linaloonyesha kila kipande kimewekwa wapi) kila toleo. Kifaa cha kupima joto tu, kisichojiandikia flashi, hakina haja ya usumbufu huo.