Mbuzi tatu, miko miwili na kinu kinachosubiri: fundi wa mbao wa uwani, Wete

Mie ni mpishi wa shughuli hapa Wete, Pemba. Harusi, hitima, maulidi, akika. Kazi hii nimeirithi kwa mama, na sasa nna wasichana wanne wanaonisaidia. Kwa hiyo nikisema mbuzi ya kukunia nazi imenifaa au imenishinda, nazungumzia nazi sitini, sabiini za asubuhi moja. Kila shughuli watu huniuliza mbuzi zangu nimezipata wapi, na kuwajibu "kwa fundi mmoja huko nyuma" hakumsaidii mtu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na zile zilizoniumiza. Mwaka juzi nilinunua mbuzi mbili dukani, zimepakwa vanishi zinang'ara, shilingi 12,000 moja. Hata mwezi haujesha, moja ikaanza kucheza mguu. Ilikuwa imeungwa kwa misumari, na mti wenyewe ulipigwa misumari ungali mbichi. Mti ukikauka husinyaa, tundu likabaki na nafasi, msumari ukawa hauna cha kushika. Msichana wangu yupo juu anakuna, mbuzi ikalala upande, meno yakamchana kiganja. Alishonwa nyuzi tano. Ya pili ilipasuka wakati wa kaskazi ikiwa imeegemezwa ukutani, hakuna aliyeigusa. Na mwiko wa duka hilo hilo ulimenyeka vanishi ndani ya pilau. Niliona magamba mekundu juu ya mchele wa watu, nikalimwaga sufuria zima, nikaanza upya saa nne ya asubuhi na wageni wanakuja baada ya adhuhuri. Siku ile sitaisahau.

Huyu fundi nilimjulia harusini, Limbani. Nilikalia mbuzi ya mwenye nyumba nikahisi nimekalia jiwe, haikwenda huku wala huku. Nikauliza, nikaelekezwa.

Karakana yake ni uani kwake, banda la mabati lililopakana na jiko la mkewe. Kibao cha biashara hana. Unapiga hodi, unakaribishwa, unapita baina ya kamba za nguo mpaka unasikia harufu ya mbao. Ni kijana wa miaka thalathini na kitu, alinipa shikamoo na mkono wa vumbi ameuficha nyuma.

"Shangazi, hiyo mbuzi ataikalia nani?"

Sikumfahamu. Mbuzi ni mbuzi. Akanambia nikae juu ya kigogo, akanipima kwa fito toka gotini hadi chini, akauliza nakunia mkono gani na nazi ngapi kwa siku. Nikamwambia wasichana wangu wawili ni warefu. Basi akaniandikia mbuzi tatu za vimo viwili. Nimekuna nazi tangu nna miaka saba, mgongo wangu unaujua ubao wa kila nyumba hapa mtaani, na hakuna aliyepata kunipima.

Halafu akanionyesha mbao zake, na hapa ndipo nilipofahamu pesa yangu inakwenda wapi. Zimepangwa kivulini kwa matabaka, baina ya ubao na ubao kuna vijiti ili upepo upite. Kila ubao umeandikwa kwa chaki mwezi wa Kiislamu ulioingia: Mfunguo Pili, Mfunguo Sita, Rajabu. Vichwa vya mbao amevipaka rangi kuukuu, kwa sababu maji ya mti hukimbilia kutokea vichwani, na kichwa kikikauka mbele ya tumbo ndipo ubao unapopasuka. Ubao wa unene wa inchi moja haugusi mpaka utimize kama mwaka. Nilimuuliza kwa nini asianike juani yakesha. Akasema jua hukausha ngozi likaacha nyama mbichi. Mpishi yeyote anayafahamu hayo, ni kama muhogo uliochomwa kwa moto mkali.

Mbuzi zangu amezitengeneza kwa mfenesi. Mti huu mchwa hauupendi, na rangi yake ya manjano huiva ikawa kahawia kadiri unavyotumika. Mbao mbili zimepishana kwa tundu lililochongwa kwa patasi, zimefungwa kwa kijiti cha mti mgumu, na msumari hamna hata mmoja. Unaikunja, unaitundika. Meno yake hayafanyi mwenyewe: anampelekea mhunzi vipande vya springi ya gari, vikirudi anavitia tupa jino baada ya jino. Meno ya dukani hukatwa kwenye bati, yakapinda baada ya nazi mia. Haya nimeyatumia miezi minane, nimeyanoa mara moja.

Watu hudhani mbuzi ni mbuzi tu, kama nilivyodhani mie. Meno makubwa huchota nazi vipande vipande, tui la kwanza likatoka kidogo na machicha yakabaki na utamu ndani. Meno madogo yaliyo sawa huteremsha nazi kama unga, na hayafiki kwenye ganda, kwa hiyo tui halina chembe nyeusi. Kwa wali wa nazi wa sufuria moja kubwa nilikuwa natia nazi ishirini na tano. Sasa natia ishirini na mbili na wali ni ule ule. Hesabu mwenyewe kwa mwaka.

Miko ilikuwa na kisa chake. Nilitaka mfenesi pia, kwa kuwa nimeupenda. Akakataa. Akachukua kipande, akakitia kwenye kopo la maji ya moto mbele yangu, tukakaa, na maji yakageuka manjano. "Hii itakupakia wali, shangazi." Akanipa mwiko mdogo wa mchungwa na ule mkubwa wa pilau wa mwembe, mrefu kama kafi. Mchungwa ni mzuri mno, mti wake umeshikana, hauna nyuzi za kukuchoma mkono. Wa mwembe ni mwepesi, na kwa mwiko wa kugeuza kilo thelathini za mchele wepesi ni rehema kwa bega. Ila aliniambia kabla sijalipa kwamba mwembe huingia wadudu upesi na haupendi kulala maji, nisiuache ndani ya beseni usiku. Niliuacha usiku mmoja baada ya hitima, asubuhi nikaukuta umeota koga. Nimeusugua kwa ndimu na chumvi ukatoka, alama imebaki.

Vanishi kwenye chombo cha kula hapaki kabisa. Anapiga msasa mara tatu, anaulowesha mti ili nyuzi zisimame, anaupiga tena ukikauka. Mafuta ya nazi pia hakushauri, ingawa sisi wote tumezoea kupaka. Anasema mafuta ya nazi hayakauki mtini, hukaa mpaka yakavunda. Nimenusa mwiko wa zamani wa mama, kweli upo na ile harufu. Hili la msasa na maji ningependa mafundi wengine wanaouza vyombo vya jikoni walijue, kwani ndilo linalofanya mwiko wake usikwaruze ulimi hata baada ya kuoshwa mara mia.

Mume wangu alinifuata mara ya pili akaondoka na bao. Mashimo thelathini na mbili, safu nne za minane minane, nyumba mbili zimechongwa mraba kama inavyotakiwa, na mashimo ya ndani yamesuguliwa mpaka kete zinateleza zenyewe mkononi. Wazee wa barazani wamelishika, wakaligeuza, wakalirudisha bila neno, na kwao hiyo ni sifa. Mie nilichukua mitalawanda, vile viatu vya mbao, jozi moja ya chooni. Msuruwaki, kile kijiti cha kushikia kwa vidole, umesimama pahala pake, haukwaruzi. Lakini chini hakuchora mistari, na sakafu ya saruji yenye sabuni ni khatari. Nilimrudishia, akaichora kwa patasi nikimngoja, hakutaka malipo.

Sasa aibu zake, maana nazo zipo.

Muda. Aliniambia wiki mbili, nikapata baada ya saba. Simu hapokei akiwa kazini, na akipokea atakwambia "kesho inshallah" kwa sauti nzuri kabisa. Sehemu ya kuchelewa si yake. Kerezo lake, la kuchongea mti huku unazunguka, na mashine ya kupasulia ni za umeme, na umeme wetu huu unaotoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010 siku nyengine hukatika mchana kutwa. Ila sehemu kubwa ni yake: anapokea kazi zote, hajui kusema hapana. Nilimkuta ana oda ya vijisanduku vya duka la Mji Mkongwe, amezipitisha mbele ya zangu kwa sababu boti ilikuwa inaondoka. Mie nilikuwa nna harusi Ijumaa. Nilimwambia wazi kwamba kama mimi ni mwanzo kutoa arubuni, na mimi niwe mwanzo kutengenezewa. Alikubali kosa, akakesha, akaleta Alkhamis usiku kwa baiskeli.

Risiti hatoi. Unalipa nusu mwanzo, kwa mkono au kwa simu, na anaandika kwenye daftari la skuli la mwanawe. Mie nililipiga picha lile karatasi, na nawe fanya hivyo.

Vijisanduku vyenyewe, vile vya njumu, yaani mapambo ya shaba, sivisifii. Mbao ni nzuri na kifuniko kinakaa barabara, lakini bawaba na vishikio ni vya bati jembamba lililopakwa rangi ya shaba. Kwa mtu anayechonga tundu la mbuzi bila msumari, ni huzuni kuona bawaba inayopinda kwa kidole. Alinambia wenye maduka Unguja hawataki kulipa zaidi. Naamini, lakini mie nitamngojea siku atakayofanya sanduku kwa bei yake mwenyewe, hapo nitanunua la bibi harusi wangu.

Bei: mbuzi moja 25,000, mwiko mkubwa 10,000, mdogo 3,000, mitalawanda 8,000, bao 60,000. Ukizilinganisha na duka utaona ghali. Mie nilikuwa nanunua mbuzi kila mwaka na kumlipa daktari juu yake, kwa hiyo sioni ughali. Ila kwa mtu wa nazi mbili kwa siku, achukue mwiko na kibao cha chapati, mbuzi aitafute ya bei ndogo.

Jambo jengine dogo nililolipenda: mashine anaizima kila adhana, na baada ya Laasiri haiwashi tena kwa sababu jirani ana mzee mgonjwa. Saa hizo anafanya kazi za mkono, randa na msasa, na mwanawe anakusanya takataka za randa kwenye gunia kumpelekea mama yake jikoni. Nikenda saa hizo mie hukaa kidogo kabla ya kuondoka.

Ukitaka kwenda, nenda baada ya Laasiri, ulizia fundi wa mbao upande wa Utaani, watoto watakupeleka. Ukitaka kitu cha Ramadhani, kaagize kabla ya Rajabu. Msimu wa karafuu usende kabisa ikiwa una haraka. Watu wana pesa na kila mtu anataka kitanda.

Mie nimeshatoa arubuni ya kinu. Nilitaka mkarafuu, nilivyoona mchi wake wa mkarafuu ulivyo mzito, akasema mkarafuu mzima haukatwi bila ya ruhusa na yeye hutumia vipande vya mikavu tu, havitoshi kinu. Basi kitakuwa cha mkwaju. Kigogo kipo pembeni ya banda, vichwa vimepakwa rangi, kimeandikwa kwa chaki "Mfunguo Nne". Kila nikipita naingia kukitazama. Juzi nilikigonga kwa kidole, kingali kinaitika sauti ya maji.