Dawa ya madoa ya nguo za watoto: kagua kifuniko kabla ya bei

Malalamiko ya akina mama yanafanana: mwezi wa kwanza dawa ilitoa madoa, mwezi wa pili unaloweka shati kutwa nzima na doa la embe liko palepale. Lawama zote huenda kwa kiwanda, eti siku hizi wanachakachua. Mara nyingi kiwanda hakina kosa. Poda imefia ndani ya kopo, na iliyoiua ni unyevu.

Kwa hiyo hapa hatutajadili harufu, wala rangi ya pakiti, wala povu. Povu halitoi doa. Ukisimama mbele ya rafu jiulize hivi: poda hii imefungwaje, na nikishaifungua nitaifungaje?

Kinachofanya kazi ndani ya poda hizi ni sodiamu pakaboneti, yaani magadi soda na haidrojeni peroksaidi vilivyounganishwa vikawa chembe kavu. Ikikutana na maji inaachia oksijeni, na oksijeni ndiyo inayovunja rangi ya juisi, chai, zambarau na nyanya. Tatizo ni kwamba haichagui maji ya beseni na mvuke wa bafuni. Kopo lililoachwa wazi Tanga, Mombasa au Unguja wakati wa masika linamwaga nguvu yake hewani siku baada ya siku, mpaka yanabaki magadi matupu. Hapo maji yatateleza vidoleni kama kawaida, utadhani dawa ipo, kumbe unalowekea magadi.

Kupima ni rahisi. Weka nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya moto, halafu usikoroge. Sabuni ya kawaida hutoa povu ukiikoroga. Poda iliyo hai huchemka yenyewe: viputo vidogo vinapanda kutoka chini na kuendelea kupanda. Kimya kikitawala, hiyo imekwisha. Dukani huwezi kufanya jaribio hilo, lakini unaweza kutikisa kopo. Poda nzuri inamiminika ndani kama mchanga mkavu. Ukisikia bonge likigonga pembeni, rudisha kwenye rafu, hata kama limepunguzwa bei. Hasa kama limepunguzwa bei.

Namba moja, na sifichi upendeleo wangu, ni Vanish ya kopo. Ya kopo, si ya pakiti. Ina oksijeni pamoja na vimeng'enya, yaani viungo vinavyosaga uchafu wa chakula na jasho, na kifuniko chake kinabana. Ipo ya nguo za rangi na ipo ya nguo nyeupe. Kama hela inatosha moja tu, chukua ya nguo za rangi, maana hata sare nyeupe inazifaa. Ukifika nyumbani usiiweke bafuni. Iweke kabatini, juu, mbali na mikono ya watoto. Kijiko cha kupimia kikilowa kikaushe kabla ya kukirudisha ndani, kwa sababu tone moja la maji linatosha kuanzisha bonge.

Matumizi: vijiko viwili vya chakula vya kusawazisha kwa lita tano za maji ya nyuzi 40 hivi. Huna kipimajoto? Kwa maji ya bomba ya Dar, changanya lita moja iliyochemka na lita nne za bomba. Arusha au Njombe, ambako maji ni baridi, weka lita moja na nusu ya moto kwa tatu na nusu za bomba. Koroga poda iyeyuke yote ndipo uzamishe nguo. Nguo za rangi zisizidi saa moja; nyeupe za pamba zinaweza kukaa hadi saa sita. Sufu na hariri usiziloweke kabisa. Doa la damu, maziwa au yai lisuuze kwanza kwa maji baridi, kwani joto huligandisha kwenye nyuzi. Na maji yaliyobaki yamwage. Ukiyafungia kwenye chupa, oksijeni itajaa humo mpaka chupa ipasuke.

Kuna madoa ambayo dawa hii haitakusaidia sana. Udongo mwekundu rangi yake ni ya chuma kilichokwisha kupata kutu, kwa hiyo oksijeni haina la kuongeza hapo: acha tope likauke, likung'ute kwa brashi, ndipo ufue kwa sabuni. Utomvu wa ndizi na maji ya mabibo yakishakauka na kuwa meusi yanang'ang'ania pamba. Usimvalishe mtoto nguo ya Idi kwenda mkorosheni. Mchuzi wenye manjano utakushtua, maana ukigusa sabuni doa linageuka jekundu. Usiogope, manjano hufanya hivyo yakikutana na magadi. Suuza, kisha anika nguo juani ikiwa bado mbichi. Jua hufifisha manjano kuliko dawa nyingi za dukani.

Namba mbili ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kama Ariel au Omo, lakini soma orodha ya viungo nyuma ya pakiti, maana si kila sabuni ya unga inavyo. Inafaa uji, maziwa, mchuzi, jasho la kolani. Maji ya vuguvugu, nusu saa, basi. Ukimimina maji yanayochemka umeviua vimeng'enya ulivyovilipia.

Jiki ni ya tatu, na ni kwa pamba nyeupe tu. Inakula lastiki za soksi na chupi, inageuza sufu kuwa njano. Nepi zenye mkojo zisuuzwe vizuri kabla ya kuguswa na jiki, kwa sababu vikikutana hutoa hewa inayochoma koo na macho. Siki na ndimu nazo usizichanganye nayo kabisa.

Sasa wauzaji. Kuna mtindo wa kufungua gunia la poda, kupima robo robo kwenye vifuko vya nailoni, na kuvianika mezani juani. Hakuna tarehe, hakuna viungo, na nailoni ile laini inapitisha unyevu. Mnunuzi anaambiwa ni "ileile ya kopo". Wanaojaza jiki kwenye chupa za maji ya kunywa ndio wabaya zaidi: mtoto ataona chupa ya maji, atakunywa. Usinunue, hata kwa jirani yako. Na pakiti ndogo nazo, gawanya bei kwa gramu hapohapo dukani. Mara nyingi utakuta unalipia karatasi inayong'aa. Ukilazimika kuinunua, itumie yote siku hiyohiyo.

Za bei nafuu: sabuni ya mche inatosha kwa mafuta ya nazi na uchafu wa kola ya shati, paka nguo ikiwa kavu na uiache dakika kumi. Ndimu na chumvi juani ni kwa kutu. Dawa ya meno iacheni kwenye meno.