Injekta mbili, tanki moja: karakana iliyonitengenezea boti ya mvuke

Nimejizuia kuandika haya tangu majira ya joto, nikisema hasira ipoe kwanza. Haijapoa.

Nina boti ndogo ya mvuke, ya kuni, huku Uskochi ninakoishi. Babu yangu alikuwa mchochea moto kwenye Liemba, Kigoma, kabla meli ile haijafungwa injini za dizeli miaka ya 1970, kwa hiyo habari za boila nimezisikia tangu utotoni. Tena kwa safari ndefu, chombo kinachokula kuni yoyote kavu na kunywa maji ya ziwa hakikuachi njiani kwa kukosa mafuta. Mradi maji yasiwe ya chumvi.

Nilipotaka kupita mfereji wa Caledonian Canal, kutoka Inverness hadi Fort William, kilomita 97 na milango ya maji 29 ya kupandisha na kushusha vyombo, niliipeleka kwenye karakana moja inayosifika. Nikawaambia nataka boti itakayojitegemea. Wakabadilisha mabomba ya boila, wakaniwekea tanki jipya na injekta ya pili, kifaa cha kusukumia maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke. Kisha wakaing'oa pampu yangu ya mkono. Ya nini tena, wakasema, una injekta mbili na pampu inayozungushwa na injini. Nikakubali. Hilo linaniuma hadi leo.

Fort Augustus, mwisho wa ziwa la Loch Ness, kuna milango mitano iliyopangana kama ngazi. Tukakaa foleni muda mrefu. Injini ikisimama, pampu yake nayo imesimama, lakini moto unaendelea kuwaka. Valvu ya usalama ikaanza kupuliza, na kila ikipuliza maji ya boila yanapungua. Nikafungua injekta ya kwanza, ikatema mvuke nje. Ya pili, vilevile. Kioo cha kupimia maji ya boila kilikuwa chini ya robo.

Nikaziba hewa ya moto, mikono inatetemeka. Maji yakishuka chini ya chuma kinachopigwa na moto, chuma kile hulainika, na mvuke ulio ndani hutafuta pa kutokea. Kuna plagi ya madini ya risasi inayoyeyuka ili mvuke uuzime moto, lakini ikishayeyuka safari imekwisha. Na mke wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale.

Nikashika tanki. La moto, mkono haukai! Walikuwa wamelibandika ubavuni mwa boila. Injekta hufanya kazi pale mvuke unapokutana na maji baridi na kugeuka maji papo hapo. Ukiipa maji ya moto inagoma. Zote mbili zilinyonya tanki lilelile. Sasa mbili za nini?

Mke wangu ndiye aliyetuokoa. Alichota maji ya Loch Ness kwa ndoo, maji yanayouma mifupa, akawa anamwagia injekta huku mimi nikimwaga ya tanki na kujaza upya. Ndoo ya sita au ya saba injekta ikashika, ikapiga ule mluzi wake mwembamba. Nikaketi sakafuni.

Nilipowapigia, mwenye karakana alisema mashine haina kosa, kosa ni la mtumiaji. Akauliza kama kwetu tumewahi kuona boila. Kwetu! Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, mafundi wao waliipaka mitambo grisi kwanza, ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 iliweza kufufuliwa. Mafundi waliokuwa wanashindwa vita waliijali mashine kuliko huyu aliyelipwa pesa yangu yote, taslimu.

Nisiwadhulumu: kazi yao ya mabomba ni safi, hakuna hata tone linalovuja, na kwa hilo wangestahili nyota nne. Jioni ile kijana mmoja wa palepale alinipigia kwa simu yake mwenyewe, akaomba radhi, akanieleza namna ya kulihamishia tanki omo, mbele ya boti. Kwa ajili yake nilikuwa nimeandika nyota tatu. Nimesoma tena nilichoandika juu ya bosi wake, nimezifuta mbili.

Tanki sasa liko omo. Pampu ya mkono nimeirudisha mwenyewe, na ndoo ile ina kamba yake pembeni ya boila.